Kisu cha springi kimegoma: dalili, chanzo na cha kufanya

Hii ni kwa nyie mnaotengeneza visu nyumbani kwa kujifurahisha tu, watu wa uani na jiko la mkaa na blowa, grainda moja, tupa mbili tatu na kipande cha springi ya gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Sio kwa wenye tanuru la umeme lenye kipima joto, hao wana shida zao nyingine. Tunaenda kwa dalili, yaani unaanza na kile unachokiona kwenye kisu chako leo, halafu tunarudi nyuma kutafuta kilipoanzia, maana kwenye visu tatizo linaonekana mwishoni lakini lilishaingia mapema sana, mara nyingi kwenye moto na wakati mwingine hata kabla ya moto, siku ileile uliyonunua chuma.

Ombi langu ni moja, kisu kikikusumbua usikimbilie kukirudisha motoni. Kila kikirudi motoni kinapoteza kitu, ngozi ya chuma inaungua, kinapinda, makali yanazidi kuwa membamba, na kama hujajua kilichoharibika unabandika tatizo la pili juu ya la kwanza halafu hapo huwezi tena kutenganisha. Tafuta kwanza tupa mpya yenye meno makali (sio ile ya kunolea majembe), sumaku, kifimbo cha shaba njano, mafuta ya taa kidogo na chaki. Hivyo vinatosha kujua karibu kila kitu.

Nimekizamisha kwenye mafuta lakini tupa bado inakula

Kisu unakipasha mpaka kiwe chekundu, unakizamisha kwenye mafuta ili kishike ugumu, halafu unakipima kwa tupa: kikiwa kigumu tupa inateleza, kikiwa laini inakula. Hili ndio lalamiko namba moja, na nusu ya wanaolalamika kisu chao hakina shida yoyote, wamepima vibaya tu. Kisu kikitoka kwenye mafuta kina gome jeusi, na chini ya gome kuna ngozi nyembamba ambayo kaboni yake imeungua motoni, hiyo ngozi ni laini. Tupa ikishika mara ya kwanza usikate tamaa, endelea kupitisha palepale karibu na makali mpaka uone chuma cheupe. Unasikiliza na mkono pia unasikia: kwenye ngozi laini tupa inakwama na kutoa mkwaruzo mzito, halafu ghafla inaanza kuteleza, mlio unakuwa mwembamba wa juu, na meno ya tupa yanabaki safi. Ukifika hapo chuma kimeshika ugumu, ilikuwa ngozi tu, saga kidogo iondoke. Lakini kama umeshafika cheupe na bado tupa inakula na kuacha unga wa chuma, basi kweli hakijashika na tuanze kutafuta.

Mtuhumiwa wa kwanza ni chuma chenyewe. Ugumu unatoka kwenye kaboni, hamna kaboni hamna ugumu, hata uzamishe kwenye mafuta ya aina gani. Nondo za ujenzi, flati bar za mageti na vyuma vya madirisha vina kaboni kidogo mno, pasha na zamisha mpaka kesho vitapinda tu. Springi za magari, zile za bapa za malori na pikapu, zina kama 0.5 mpaka 0.6% ya kaboni na kromu au silikoni juu yake, ndio maana wahunzi wetu wa mapanga na sime wanazipenda miaka yote. Tupa nzuri ya zamani ina kaboni karibu 1% au zaidi, chuma kitamu sana, ila tupa za bei chee nyingine ni chuma laini kilichotiwa ugumu juu juu tu, ukishasaga meno umebaki na chuma cha dirisha. Disiki za msumeno wa mbao zenye vijimeno vya kubandikwa, bodi yake sio ya kutegemea. Bearing ni chuma bora, 1% ya kaboni na kama 1.5% ya kromu, lakini ni kigumu kukifua na kinataka joto la uangalifu, kiache mpaka mkono uzoee.

Ndio maana mimi nasema hivi, kabla hujaanza kuchora hata shepu ya kisu, kata kijipande cha ukubwa wa kidole kutoka kwenye chuma hichohicho, kipashe, kizamishe, kibane kwenye vaisi, vaa miwani, piga nyundo. Kikikatika kimeshika. Kikipinda kirudishe kwa muuza skrepa. Dakika ishirini tu za kazi, na watu hawafanyi! Wanapoteza wikendi mbili kwenye chuma wasichokijua halafu wanakuja kuuliza mafuta gani mazuri. Hicho kijipande kilichokatika usikitupe, tutakihitaji mbele.

Mtuhumiwa wa pili ni joto. Watu wameshafundishwa kutumia sumaku, safi, chuma kinaacha kushikwa na sumaku kwenye kama nyuzi 770. Shida ni kwamba wanaishia hapohapo. Springi inataka zaidi kidogo, nyuzi 830 mpaka 850, kwa hiyo sumaku ikiachia unaendelea kupasha mpaka rangi ing'ae hatua moja zaidi, na makali yote yawe rangi moja kutoka shingoni hadi ncha, hakuna sehemu nyeusi. Na hii kazi haifanyiki juani. Jua la saa saba linakudanganya, wekundu unaouona hafifu kumbe ndani ya banda ungeonekana wa machungwa. Subiri jioni au ziba pembeni kwa mabati upate kiza.

Ukiwa kwenye kiza kuna kitu utakiona ambacho kwangu kinashinda sumaku. Kisu kinapopanda joto taratibu, kuna wakati rangi inasimama, halafu vivuli vyeusi vinaanza kutembea ndani ya bapa, kama kuna kitu kinaogelea mle ndani, sehemu nene za karibu na mgongo zinabaki na kivuli mpaka mwisho. Hapo chuma kinabadilika ndani na kinanyonya joto kufanya mabadiliko hayo. Vivuli vikiisha vyote na bapa likawa na mwanga mmoja, kiache kidogo kiive, halafu mafutani. Vivuli vikiwa bado vipo kwenye makali hujafika, usizamishe.

Halafu kuna mwendo wa kutoka motoni kwenda kwenye mafuta. Kisu chembamba kinapoa hewani haraka kuliko unavyodhani, ndoo ya chuma iwe hatua moja tu kutoka jikoni, sio upande wa pili wa uwanja. Springi inakusamehe kidogo kwa sababu ya kromu yake, chuma cha tupa hakisamehi kabisa, ukichelewa kidogo tu umekosa.

Mafuta nimeyaweka mwisho makusudi kwa sababu watu wanayaweka mwanzo. Mafuta ya alizeti yanatosha kwa springi. Yapashe moto kwanza mpaka nyuzi 50 au 60, yaani bado unaweza kugusa chombo kwa nje kwa sekunde chache, kwa sababu mafuta ya baridi ni mazito na hayatembei kwenye chuma, kwa hiyo yanapoza polepole, wengi wanadhani ni kinyume. Yawe mengi, lita nne hivi kwa kisu cha jikoni, sio nusu lita kwenye kopo la maziwa. Oili chafu ya injini achana nayo, haina faida yoyote kuishinda alizeti na moshi wake una vitu ambavyo mapafu yako hayavitaki. Chombo ni cha chuma chenye mfuniko, ndoo ya plastiki marufuku, na maji yasiingie humo hata tone, yakichemka chini ya mafuta yanayatupa yote juu yako. Kizamishe kisu kizima mpaka makali na bapa vyote viwe chini, usiache nusu nje inawaka.

Kimelia "ti!" kwenye mafuta / naona mstari mwembamba kwenye makali

Pole. Mlio ule ni ufa, na kisu chenye ufa hakitengenezeki, tuseme tu ukweli. Kama hujaona kitu lakini una wasiwasi, kisafishe, kipake mafuta ya taa, kiache nusu saa, kifute kikauke kabisa, halafu kipake unga wa chaki. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki nyeupe. Njia ya kizamani lakini inafanya kazi. Usijaribu kuuchomelea wala kuusaga "mpaka uishe", kitakatikia mkononi mwa mtu.

Chanzo mara nyingi ni maji. Springi haitaki maji, mafuta yanatosha, na mtu akikwambia babu yake alikuwa anazamisha kwenye maji muulize babu yake alikuwa anazamisha chuma gani. Chanzo kingine ni joto lililopitiliza kabla ya kuzamisha. Kingine ni makali uliyoyasaga membamba mno kabla ya moto, acha unene wa kama milimita 1 kwenye makali, utamalizia baadaye. Na cha mwisho ambacho wengi hawakiangalii ni alama za grainda, ile mikwaruzo mirefu ya jiwe la grainda inayokatiza kuelekea makali, na kona kali pale bapa linapokutana na ule mkia unaoingia kwenye mpini. Ufa unapenda kuanzia kwenye kona. Ondoa mikwaruzo kwa tupa na msasa namba 120 hivi, na kona zote zizungushe kwa tupa ya duara kabla kisu hakijaona moto wa kuzamisha.

Kuna nyufa nyingine sio za mafuta kabisa, zilishakuwepo kwenye springi. Ile springi imebeba tani kwa miaka kwenye barabara zetu hizi, ina nyufa ndogo za uchovu ambazo hazionekani. Chagua zile za lori ambazo hazikuvunjika, epuka sehemu za karibu na tundu la katikati na, ukikosa isiyovunjika, karibu na pale ilipokatikia.

Kimetoka kimepinda

Hili halitishi. Kama umekitoa sasa hivi kwenye mafuta na bado kinatoa moshi, una sekunde chache ambazo chuma bado kinakubali kunyooshwa kwa mikono yenye glovu nzito au kwa kukibana katikati ya mbao mbili, kwa sababu kinamalizia kuwa kigumu kikipoa chini ya hapo. Kikishapoa kabisa usiguse, usipige nyundo, kitakatika. Unakinyoosha kwenye moto wa pili (ule mdogo wa ovenini wa kupunguza ugumu, tutauona kwenye makali kumegeka): kibane kwenye flati bar nene na klampu, chini ya sehemu iliyopinda weka sarafu ili kipinde kidogo kuelekea upande wa pili, kiweke ovenini hivyohivyo kikiwa kimebanwa. Kama hakijanyooka vya kutosha ongeza sarafu, rudia. Mara nyingi mizunguko miwili inatosha.

Ila jiulize kwa nini. Umesaga upande mmoja zaidi ya mwingine? Pima kwa vernia (kile kipimo cha unene) pande zote mbili. Ulikilaza juu ya makaa upande mmoja ukawa mwekundu na mwingine mweusi? Ulikiingiza kwenye mafuta kwa ubavu au ulikuwa unakikoroga kushoto kulia? Kinaingia kikiwa kimesimama, makali au ncha kwanza, na ukikitikisa ni kwa mwelekeo wa kukata, mbele nyuma, juu chini, kamwe sio ubavu. Wanaofua kwa nyundo wana sababu ya ziada, chuma kilichopigwa kinakaa na mivutano ndani yake na kinasubiri moto tu ili kijinyooshe kinavyotaka chenyewe. Dawa yake iko kwenye sehemu inayofuata.

Makali yanamegeka vipande

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu sababu mbili tofauti kabisa zinatoa dalili ileile na dawa zake hazifanani.

Sababu ya kwanza, hukukipa moto wa pili au ulikuwa mdogo. Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu kupita kiasi, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Lazima kirudi kwenye joto dogo kupunguziwa ugumu, nyuzi 200 kwa saa moja mpaka mbili, kipoe, halafu mara ya pili tena hivyohivyo, na usikiache kilale usiku mzima kabla, kifanye mara tu kinaposhikika kwa mkono. Oveni ya nyumbani inadanganya sana, kitasa kinasema 200 ndani iko 170 au 240, nunua kile kipima joto kidogo cha kuning'iniza ndani, na kizike kisu kwenye trei ya mchanga ili moto usikipige moja kwa moja. Huna oveni? Sufuria nzito yenye mchanga mkavu juu ya jiko, weka kisu na pembeni yake kijipande cha chuma hichohicho ulichokisugua kiking'ae, unakichungulia rangi. Njano hafifu ni kama nyuzi 205 mpaka 220, kahawia karibu 255, zambarau kwenye 270, bluu karibu na 300. Hizo rangi zinabadilika kidogo kufuatana na muda na aina ya chuma, zichukulie kama mwongozo. Kisu cha jikoni unaishia kwenye njano, panga unaenda mpaka kahawia au zaidi kwa sababu linapigwa.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi, chembe za chuma zimekua kubwa. Kila nyuzi unazopitisha juu ya zile zinazohitajika, na kila dakika unayokisahau kwenye makaa huku unajibu simu, chembe ndani ya chuma zinakula wenzao na kunenepa. Chuma cha hivyo ni kigumu, tupa inateleza vizuri, kila kitu kinaonekana sawa, ila makali yanamegeka ukikata hata mfupa wa kuku. Na moto wa pili hausaidii.

Utajuaje ni ipi? Kile kijipande ulichokivunja mwanzoni. Angalia pale kilipokatikia, kwenye mwanga. Kikiwa kijivu kilichofifia, laini, hakimetameti, chembe ni nzuri na joto lako lilikuwa sawa. Kikimetameta kama sukari, ulipitiliza. Kama hukutengeneza kijipande, kata ncha ya mkia wa kisu uivunje, inafichika kwenye mpini hakuna atakayejua. Lakini hakikisha hiyo ncha nayo ilipata moto uleule na kuzama, isije ikakupa ushahidi wa uongo.

Kama chembe ni nzuri na bado makali yanamegeka, ongeza joto la moto wa pili nyuzi 15, jaribu tena, ongeza nyingine 15. Unaweza kupunguza ugumu kidogo kidogo utakavyo, kuuongeza ndio huwezi bila kuanza upya, kwa hiyo anza chini upande.

Kama chembe ni sukari, hapo ndio kisu kinarudi motoni kwa haki. Kipashe mpaka kivuke sumaku kidogo, kitoe, kining'inize hewani mahali pasipo na upepo mpaka kiwe cheusi na sumaku ikishike tena. Rudia mara mbili zaidi, kila mara joto likiwa chini kidogo ya lililopita. Kila mzunguko chembe zinazaliwa upya zikiwa ndogo, na ile mivutano ya nyundo niliyosema kwenye kupinda inatulia hapohapo. Halafu ndio unazamisha upya. Mimi naona mizunguko hii mitatu ifanyike kwa kila kisu kilichofuliwa hata kama hakina shida, mkaa wake haufiki hata debe.

Makali yanalala, kinaisha ukali haraka

Chukua kile kifimbo cha shaba njano, kibane kwenye vaisi kikiwa kimelala. Weka kisu juu yake kwa pembe ndogo, kama ya kunoa, kandamiza kidogo, taa iwe mbele yako ili uone makali. Utaona makali yakibonyea pale yanapogusa shaba, kweli yanatembea, kijimstari cha mwanga kinasogea na wewe. Ukiinua yakarudi yalivyokuwa, ugumu uko sahihi. Yakibaki yamebonyea ni laini. Yakimegeka rudi sehemu iliyopita. Hiki kipimo kwangu kinazidi kukata karatasi na kunyoa mikono, kwa sababu kunyoa kunakwambia umenoa vizuri tu, hakukwambii kitu kuhusu chuma.

Kama yamebaki yamebonyea na tupa ilikuwa inateleza vizuri kabla ya moto wa pili, basi moto wa pili ulizidi, au, na hii ndio kawaida, umeyaunguza kwenye grainda wakati wa kumalizia. Makali membamba yanapata joto kwa sekunde moja. Ukiona rangi ya bluu kwenye makali hata nukta moja, pale pameshalainika na kusugua ile bluu kwa msasa hakurudishi ugumu, unaficha tu. Nukta ndogo unaisaga yote mpaka chini yake, kwa maji, kisu kitapungua upana kidogo. Bluu ndefu ni kuzamisha upya. Kuanzia siku kisu kimeshika ugumu, kwenye grainda kisu unakishika bila glovu, pita mara moja, chovya maji, pita, chovya. Kidole chako kinaungua kabla chuma hakijafika nyuzi 100 kwa hiyo ni kipimo kizuri. Disiki iwe na kinga yake na miwani usoni, hii sirudii.

Pia hakikisha umeshasaga ile ngozi laini. Kisu kipya kinachoisha ukali haraka kikanolewa mara tatu nne halafu ghafla kikaanza kudumu, ni ngozi hiyo ilikuwa inaondoka taratibu.

Kigumu, kimenolewa, na bado hakikati nyanya

Unene. Sio ukali, unene. Kisu kinaweza kunyoa nywele na bado kikapasua karoti badala ya kuikata kwa sababu nyuma ya makali ni kinene. Kabla ya kunoa, kwa kisu cha jikoni, makali yapime yawe milimita 0.2 mpaka 0.4, cha kazi ngumu 0.5 na kidogo. Visu vingi vya nyumbani ninavyoviona viko kwenye 1 na kitu, yaani mtu alisaga akaacha nafasi kwa ajili ya moto halafu akasahau kurudi kumalizia. Punguza bapa lote, sio makali peke yake. Baada ya hapo noa kwa pembe ya nyuzi 15 mpaka 20 kila upande.

Kama unene uko sawa basi ni ukucha, ule uzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili ukinoa. Upitishie kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali (sio kando ya makali tafadhali), utausikia umekwama upande mmoja. Punguza nguvu kwenye kinoo, badilisha upande kila mpito, malizia kwenye mkanda wa ngozi.

Nasugua msasa na mikwaruzo haiishi

Umeruka namba. Mikwaruzo ya 80 haitoki na 400, utasugua mpaka vidole vichubuke. Rudi 120, sugua upande mmoja tu, ukihamia 240 sugua kwa kukatiza, mikwaruzo ya zamani ikionekana inakatiza mipya hujamaliza. Inamisha kisu kwenye mwanga wa pembeni, wa juu unaficha.

Mpini unalegea, unapasuka au umeacha nafasi

Mti haukukauka. Hii ndio karibu kila mara, hasa mpini uliotengenezwa Dar au Mombasa halafu kisu kikaenda Dodoma au Nairobi, unasinyaa na misumari inatokeza nje au mti unapasuka kwenye matundu. Mninga, mvule, msaji, vyote hivyohivyo. Kata vipande vinene kidogo, viweke ndani ya nyumba, vipime kila wiki kwenye mizani ya jikoni ya dijitali, uzito ukiacha kushuka ndio vimekauka.

Mpingo una shida yake, una mafuta ndani na epoksi (ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili) haipendi mafuta. Ukwaruze na msasa mkali namba 60, ufute na asetoni halisi (sio ile ya kufutia rangi ya kucha, nyingine zimetiwa mafuta) na ugundishe saa hiyohiyo, usisubiri kesho. Vaa barakoa, vumbi lake linakera koo na ngozi.

Gundi yenyewe, changanya kwa vipimo vilivyoandikwa sio kwa macho, ya dakika tano iache ya kuziba ziba, tumia ya saa 24. Toboa matundu ya ziada kwenye mkia wa kisu ili gundi ishikane kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Klampu ibane kiasi tu, ukikaza sana unaisukuma gundi yote nje na kubaki na mti umekaa juu ya chuma kikavu. Na kama mpini ulikuwa imara ukalegea siku ya kumalizia, umesaga vichwa vya misumari ya shaba mpaka ikapata moto, shaba inabeba joto moja kwa moja ndani na epoksi nyingi zinalainika hata kabla ya nyuzi 100. Hapo hamna kiraka, fungua, safisha, gundisha upya.

Madoa na kutu

Doa la kijivu au bluu baada ya kukata embe, limao au kitunguu ni kawaida kwa chuma cha springi na linakinga kidogo, liache. La machungwa ndio kutu, lisugue na majivu au msasa namba 1000 wenye mafuta. Osha, kausha papo hapo, paka mafuta ya kula kidogo, na kwa watu wa pwani fanya hivyo hata kama hukukitumia. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu na mara nyingi ina chumvi za kiwandani, ala ni ya kubebea tu, ukifika nyumbani kitoe.